Nyasi za Kona ya Juu

Wanaosema kubana matumizi ni akili hawajawahi kubana mpaka wakabakiwa na kitu kimoja cha kugawa mara mbili. Mimi nilibakiwa na nyasi.

Nilizaliwa Chanji, mtoto wa muuza duka, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa Malangali kwenye nyumba ya matofali mabichi yenye vyumba vitatu. Viwili viliezekwa bati. Cha tatu, alimokuwa akilala mama mkwe wangu, kiliezekwa nyasi kwa sababu bati ziliisha kabla ya nyumba kuisha. Nyuma kulikuwa na shamba la vipande viwili: kimoja tunapanda mahindi, kingine kinapumzika na kuota nyasi, mwaka unaofuata vinabadilishana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Madukani vitu vilijaa, mifukoni mwetu upepo. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazini kwenye shirika la umma, akawa anashuka ziwani Kasanga kununua dagaa na kupanda nao mjini kuwauza. Mbolea, baada ya serikali kuacha kutupunguzia bei, tuliishia kuitazama dukani. Hata nyasi za kuezekea zilianza kuuzwa, maana zile za porini karibu na mji ziliishia kwa ng'ombe au kwa moto kabla mtu hajanoa mundu.

Basi tukarudi kwenye intumba, matuta ya duara ya Wafipa, ambayo mimi mtoto wa dukani nilikuwa nayaona kwa mbali tu. Mwezi wa tatu, nyasi za kipande kilichopumzika zikiwa bado mbichi, unazifukia chini ya udongo zioze. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, unayatawanya matuta na kupanda mahindi. Tatizo ni kwamba nyasi iliyofukiwa mwezi wa tatu haiwezi kuwa paa mwezi wa saba.

"Mwanangu," mama mkwe aliniambia siku ya kwanza ya kulima, "ile kona ya juu muiache ikauke. Paa langu limechoka."

Mume wangu akadakia. "Mama, mwaka huu ni bati. Safari mbili tu za Kasanga."

Hizo safari mbili nilizisikia tangu mwaka juzi, na mama yake alimjua mwanawe kuliko mimi. Mimi nikalima yote, na kona nayo. Nilijiambia kwamba namwamini mume wangu. Uongo. Kila Desemba unga ulikuwa unatuishia, nikachagua ugali.

Bati hazikuja. Mvua zilikuja Novemba, kwa wakati wake. Darasani nilikuwa nawaimbisha watoto "usipoziba ufa utajenga ukuta," kisha narudi nyumbani kuutazama ufa wangu. Tulitandaza mifuko mitupu ya mbolea ya miaka ya nyuma juu ya paa la mama, tukaibana kwa mawe, na upepo wa huku ukaifumua. Kabla ya kwenda shule nilichota maji chumbani kwake kwa bakuli. Jioni nilipaka upya udongo mweupe ulioshuka ukutani, nikakata michongoma iliyokuwa inaziba njia, nikapalilia, kisha madaftari yananingoja. Nilichoka mpaka nikaanza kumchukia kila aliyenisalimia kwa furaha.

Nilimsihi mama mkwe alale na watoto wetu. Akasema watoto wanapiga mateke. Januari nilikuta kitanda chake amekisukuma mpaka mlangoni, mahali pekee palipokuwa pakavu, naye anafunga furushi.

"Nakwenda kwa kaka yangu kidogo," alisema. "Kule nyasi zipo."

Hakunilaumu. Angenitukana ningepata la kujibu. Aliondoka na lori la njia ya Namanyere, nami nikaona haya hata kuwaaga majirani zake kwa niaba yake.

Mahindi mwaka ule yalinipita kimo. Nilikuwa nasimama katikati yake nikitoka shule, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilihisi njaa haitatukuta. Machi ilipofika nikashika jembe na kugeukia kipande cha pili, nyasi zikiwa zimenifika kifuani. Nilianza nikiwa na nia kabisa ya kuacha kona ya juu. Nikasema tuta moja tu zaidi. Halafu jingine. Jumamosi ya tatu kona haikuwepo.

Wiki iliyofuata nilimfuata mama na kikapu cha mahindi mabichi. Nilimkuta amekaa nje kwa kaka yake, anapukuchua maharage. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeacha nyasi?"

"Tumeacha, mama."

Lilinitoka kabla sijafikiri. Akainuka papo hapo, akaingia ndani kufunga khanga zake, na nikamsikia akimwambia wifi yake kwamba anarudi kwake, mkwe wake amemwekea nyasi za paa. Njia nzima ndani ya lori nilitafuta maneno, nikayakosa. Yeye alikuwa anazungumza habari za mafundi wa kuezeka, nani bado ana nguvu za kupanda juu.

Tulipofika hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki mbele na furushi lake mikononi, nikisubiri sauti yake. Haikuja. Nilichosikia ni jembe.

Nilimkuta kwenye kona ya juu, ameinama kwenye tuta langu, anafunika majani niliyoyaacha yamechomoza.

"Umeyaacha wazi," alisema bila kunitazama. "Hivi hayaozi. Lete jembe jingine."

Nikalileta. Tukalifukia paa lake, sisi wawili, mpaka kona ikaisha.