Hodi ya Fundi

Fundi wetu wa kompyuta hawashi mashine bila kuipigia hodi. Jana kompyuta yetu iliikana draivu yake ya CD, ikawa haiioni kabisa, na ndani mlikuwa na diski iliyorekodiwa siku tuliyohamia hapa, marehemu baba akiwa mzima. Fundi akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka, akabonyeza swichi kwa kidole gumba. "Hodi." Jikoni mama akaitikia, "Karibu." Wakaenda hivyo mara nne. "Fundi, mimi siitikii tena." Fundi akabadilisha waya, akatega sikio. "Inazunguka, sikia," akanong'ona, vidole vikicheza mezani. Spika zikakoroma, kisha ikatoka sauti ya baba: "Hodi wenyewe." Mwiko ukaanguka jikoni. "Karibu," mama akasema. "Karibu ndani."