Maharage Niliyosifiwa Buswelu

Mke wa mwanangu alipotangaza kupika maharage na karoti kwa ubatizo wa mjukuu wangu, nilicheka. "Mama, unalisha wageni au mbuzi?" Mimi nikapika yangu ya karanga, kwa kuni, nikapanda bajaji na hotpoti mpaka kwao Buswelu.

Wageni walikula maharage wakakomba sahani. "Bibi, hongera!" Basi mimi, mnyenyekevu wa kutupwa, nikasimama kuwafundisha: kuni kavu, karanga nyingi.

Padri akainua kijiko. "Na hii karoti, bibi?"

"Hiyo ya urembo tu, baba," nikasema bila kupepesa.

Ndipo mkwe wangu akaingia na hotpoti yangu, imefungwa vilevile. "Mama, dereva wa bajaji kairudisha. Uliisahau kwenye kiti."