Maji Chini ya Tapi

Kwanza mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule niliiachia darasa la sita, na ninaandika polepole, kama mtu anayevuka tope na viatu mkononi. Tena mimi si mzee. Lakini Tata Kabwe, jirani yetu hapa Kolwezi, aliyetengeneza magari miaka mingi kabla macho yake hayajachoka, aliniambia, "Fele, ile mambo uandikie badogo yako. Mi ningeandika, lakini sasa mistari yote iko napandana." Basi ninaandika kwa niaba yake. Pale ambapo yeye angesema mwanangu, mimi nitasema mdogo wangu.

Nakumbuka asubuhi ile, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kuanza. Ninaendesha teksi ya mjomba wangu kati ya Nzilo na Kolwezi. Kila siku alfajiri, kiti cha mbele, kando yangu, alikaa Mama Mujinga, mjane anayeuza samaki wabichi. Beseni lake aliliweka chini, katikati ya miguu yake. Mimi ni mtu wa haya, sina maneno mengi. Yeye alikuwa akizungumza kwa ajili yetu sote wawili mpaka tunafika sokoni.

Asubuhi hiyo nilitia mkono chini ya tapi, lile zulia la sakafu ya gari, pale pa miguu yake, nikakuta maji. Nikayakausha kwa kitambaa. Siku mbili zilizofuata mvua haikunyesha hata tone, lakini maji yakarudi, na sasa gari likanuka. Abiria wa nyuma walianza kushika pua. Nikawaza: mbingu ni kavu, barabara ni kavu, ndani ya gari hili kuna maji gani mengine isipokuwa ya lile beseni?

Siku ya tatu, kituoni, mbele ya madereva na wachuuzi wote, nilimwambia, "Mama, samaki yako iko naozesha gari. Tafuta shofere mwingine."

Aliliangalia beseni, kisha akaniangalia mimi. "Beseni yangu haina na tundu, mwana."

"Basi ile maji inatoka mbinguni?"

Watu wakacheka. Mimi ambaye sikuwa nimewahi kuchekesha watu, nikajiona mkubwa siku hiyo. Mdogo wangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hufungwa kitambaa kikapona. Lile neno lilikuwa tayari linatembea bila mimi. Madereva wengine walisema, kama Fele yule mpole amemkataa, basi mama huyo kweli ana shida. Kabla juma halijaisha hakuna aliyekubali kumbeba. Akawa anapanda nyuma ya baiskeli, anafika sokoni jua limepanda, samaki wamelegea, wanunuzi wamekwisha kununua kwa wengine. Ana watoto watatu, na wote wanakula kutoka katika beseni lile.

Na tapi langu? Lilizidi kulowa.

Nilikwenda kwa Tata Kabwe kumwomba mastiki ya kuzibia sakafu ya gari. Hakunipa. Aliuliza tu, "Ule mama ulimufukuza, maji ikamufuata?"

"Hapana, tata. Iko bado."

"Ona basi. Sasa iko na beseni yake yenyewe."

Akaniagiza niling'oe tapi lote. Alichovya kidole katika yale maji, akakisugua na kile kingine, akanusa. "Maji ya radiateri inanata. Hii hainati. Ya samaki nayo inaacha magamba. Tafuta magamba, mwanangu, wewe uko na macho."

Nilipiga magoti, nikatafuta kwa kucha katika kila pembe ya sakafu. Nilipata sarafu, kijiti cha kiberiti, na punje za mahindi. Gamba sikupata hata moja.

Tulikausha sakafu kabisa. Kisha akamwita mke wake atuletee unga kidogo wa bukari, yaani ugali, katika sahani. Mama yule alisimama mlangoni akatutazama. "Sasa motokari njo inakula bukari? Na sisi je, tukunywe mafuta?" Lakini aliuleta. Tata Kabwe akaunyunyiza mwembamba juu ya sakafu, mpaka chuma kikawa cheupe kama uso wa mtu aliyejipaka poda.

"Maji ni kama mwizi," akaniambia. "Pale unamukuta amelala, hapana pale aliingilia. Tutamwaga chini kwanza, halafu juu, mahali pamoja kisha pengine. Mi nitamwaga. Wewe kaa ndani utazame. Na usiseme kitu mbele hujaona."

Alianza na kopo karibu na gurudumu. Unga ukabaki mkavu. Akaja chini ya kioo cha mbele, pale majani yanapojikusanya. Mkavu. Mgongo uliniuma, nikatamani amwage kila mahali kwa mara moja tumalize, lakini yeye alikuwa akienda kama mtu anayelisha mgonjwa. Kisha akamwaga juu ya kioo cha mlango wa kulia, ule wa Mama Mujinga, kopo kwa kopo, karibu bidoni nzima, lile dumu la maji. Nikaona mstari mwembamba unatoka chini ya ubao wa ndani wa ule mlango. Ukaukata unga, ukashuka moja kwa moja mpaka pale pa miguu ya mama.

"Tata, iko natoka mulangoni."

Hakushangilia. Alishika ule mlango akautikisa, nao ukalia ndani kama bidoni iliyojaa nusu. "Kila mulango wa motokari inakunywa maji pale kioo inapita," alisema. "Haina mubaya. Benye kutengeneza baliacha matundu kule chini, maji itoke. Pitisha kidole."

Nikapitisha kidole chini ya mlango. Mahali pa tundu la kwanza nikagusa mpira. La pili, mpira. La tatu vilevile.

Mdogo wangu, ndipo nilipokumbuka. Kiangazi kilichopita, malori ya migodi yalikuwa yakipita mfululizo, na vumbi liliingia kwa ule mlango kuliko yote. Mama Mujinga alikohoa njia nzima. Wanunuzi walimwambia samaki wake wanatafunika kama mchanga. Nikamwonea huruma. Nilikata vipande vya mpira wa baiskeli, nikavipaka gundi, nikaziba kila tundu nililoliona chini ya mlango wake. Siku hiyo alinipa samaki wawili na akaniombea kwa Mungu. Mvua ilipoanza nilikuwa nimekwisha kusahau.

Nilivuta kile kipande cha kwanza kwa koleo. Maji mekundu yenye harufu ileile yakaruka juu ya miguu yangu, mvua ya juma lote na vumbi la kiangazi lote pamoja. Ndiyo maana tapi lililowa hata siku kavu: kila nilipokanyaga breki, mlango ulimwaga.

"Ulifanya muzuri," alisema Tata Kabwe, "halafu ukasahau muzuri yako, ikaoza, ukaitupa kwa miguu ya mwenyewe uliyemufanyia." Akaweka kopo chini. "Sasa utamwambia lini?"

"Tata, unajua mi niko na haya."

"Maneno ya kumufukuza ilipata mulango. Ile ya kumurudisha, nani aliiziba?"

Hakusema kwa hasira, na kwa sababu hiyo liliniingia zaidi. Usiku sikulala vizuri.

Kesho yake alfajiri nilimkuta Mama Mujinga kituoni na beseni lake, akingoja mwenye baiskeli. Madereva wote walikuwapo, wakinywa chai. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakakimbia yote. Nilitoa tu vile vipande vitatu vya mpira mfukoni, nikavishika juu ya kiganja ili kila mtu aone.

"Mama, ni mimi niliziba mulango. Maji ilikuwa ya mvua. Samaki yako haina na kosa, na beseni yako haina na tundu. Unisamehe."

Alichukua kipande kimoja, akakigeuzageuza. "Hii njo ile ulitia kwa kuzuia vumbi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kumbe samaki yangu mbili ulizilipa kwa kunifukuza," alisema, na watu wakacheka tena, lakini safari hii walinicheka mimi, na ilinifaa. Dereva mmoja akasema kwake pia kuna nafasi, mama apande tu. Mama Mujinga akamjibu, "Pua yako imepona?" Kisha akaniambia nifungue mlango, kwa kuwa jua halimngojei mtu.

Sasa nasaha yenyewe, mdogo wangu, kama mzee alivyonituma. Ukikuta maji nyumbani mwako, usimtazame kwanza yule aliyekaa karibu nayo. Kikulacho ki nguoni mwako. Anza chini, panda polepole, na katika kutafuta usiuruke mkono wako mwenyewe, hata ule uliotenda wema. Ukiziba tundu wakati wa vumbi, weka alama, maana mvua itakuja. Na ukimwaibisha mtu mbele ya watu, usiende kumwomba msamaha gizani. Mwiba hutokea pale ulipoingilia.

Mungu akupe macho ya kuona gamba lisilokuwapo. Akupe ulimi mzito wakati wa hasira na mwepesi wakati wa kutubu, na asikunyime mzee wa kukumwagia maji kopo kwa kopo.

Ukisoma hapa, tafadhali niandikie, hata mstari mmoja, hata kama herufi zako ni mbaya kama zangu. Mpe barua dereva yeyote wa njia ya Nzilo, itanifikia. Mama Mujinga hajui kusoma, lakini ameniomba nimsomee barua zote kabla hatujaondoka. Anakaa palepale mbele, na chini ya miguu yake ni pakavu.