Mume Wangu Aliichukua Programu Yangu, Ilipoharibika Akasema Ni Yangu

Nawaomba jina langu lisionekane, kwani watu wa upande wa mume wangu wengi wako kwenye ukurasa huu. Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mimba ya kwanza. Tunaishi kwao mume wangu, Mji wa Kale, ghorofa ya juu. Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Niseme ilikuwa.

Mume wangu, nitamwita Twahir, tulijuana ofisini. Ofisi yetu hutengeneza programu wanayotumia mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Ile programu ilikuwa na ugonjwa wake. Sisi watu twaitana kwa majina, lakini kompyuta hutafutana kwa anwani za namba. Programu hupewa jina la seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, kisha huuliza mtandao seva hiyo iko wapi. Yetu iliandikwa kizamani, ikishika anwani moja tu. Anwani hiyo isipojibu, kazi yote husimama na mawakala wakaanza kupiga simu za matusi.

Daktari aliponiamuru nilale kwa sababu mimba ilikuwa inatishia kutoka, nikaiandika upya sehemu ile nikiwa kitandani. Sasa jina likiulizwa, hurudi mnyororo wa anwani. Kila kipande kina anwani yake na aina yake, na kinaonyesha kipande kinachofuata kilipo. Programu hujaribu cha kwanza, kikikataa huenda kwa cha pili, hivyo hivyo mpaka kimoja kiitike. Kazi ikiisha, mnyororo huachiliwa ili kumbukumbu ya kompyuta isijae. Nilimpa Twahir aipeleke ofisini. Nani asiyemwamini mumewe?

Aliipeleka kwa jina lake. Nilijua siku wenzetu walipokuja kunijulia hali. Mkuu wetu, Bwana Mutua, akamwambia mavyaa wangu, mamake Twahir, "Mama, umezaa kichwa. Ile kazi yake mpya imetufanya tumpe Twahir uongozi wa kitengo." Mavyaa alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Twahir hakunitazama. Wageni walipoondoka nikamuuliza. Akanijibu huku anavua viatu, "Mimi na wewe si kitu kimoja? Au wataka mumeo awe chini yako?"

Mimba ilipotulia, daktari akaniruhusu kuamka. Niliporudi kazini nikaifungua ile programu. Alikuwa ameipangapanga ionekane yake, na ule mstari wa kuachilia mnyororo ameupandisha juu, kabla programu haijasogea kwa kipande cha pili. Anwani ya kwanza ikijibu, hakuna neno. Isipojibu, programu inakitafuta kipande ambacho kishatupwa, na inakufa hapo hapo. Nilimwambia kwa upole tukirudi nyumbani kwa miguu, tukipita Makadara. Akasema, "Usinifundishe kazi njiani."

Haikukawia. Wateja walialikwa waje waone ile programu ikifanya kazi. Anwani ya kwanza ikakosa kujibu, programu ikafa mbele yao. Ikawashwa, ikafa tena. Bwana Mutua akamgeukia Twahir, akamuuliza kama kweli ni yeye aliyeandika sehemu ile. Mume wangu akasimama, akasema kwa sauti ya huruma, "Ni mke wangu. Nilimwachia ajipumbaze nayo kitandani. Mwajua tena mimba, akili huenda likizo."

Watu wakacheka. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Nilipotaka kusema, akanishika mkono chini ya meza akanibana vidole mpaka vikafa ganzi, huku akiwatabasamia wageni.

Bwana Mutua akaniambia nikapumzike hadi nijifungue, halafu "tutaangalia". Nyumbani nikamweleza mavyaa yote, nikidhani mwanamke atamwelewa mwanamke mwenzake. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichagua mchele. "Mwanangu," akasema, "mume ni sitara. Ukimvua nguo, uchi utakaoonekana ni wako." Tangu hapo haniiti kula. Chakula changu hufunikwa jikoni, nakila kimepoa. Mawifi zangu wakipata wageni huniita injinia, kisha wakaangua kicheko. Twahir naye akafuta kila nilichoandika kwenye kompyuta yangu. Alisema anamwekea mtoto nafasi ya picha.

Mama yangu alishatangulia mbele ya haki. Baba yuko Lamu na mke mwingine, ambaye hajawahi kunipenda.

Sasa Twahir kuirekebisha ile programu hawezi. Amerudisha ya kizamani, na mawakala wanalalamika upya. Bwana Mutua amemtaka aiandike sawasawa, kisha asimame mbele ya ofisi nzima aieleze mstari kwa mstari. Jana akaniletea chai ya maziwa na mahamri chumbani, jambo ambalo hajalifanya tangu nishike mimba.

"Nifundishe, mke wangu," akasema. "Ukikataa, au ukimpigia Mutua, nitakupeleka Lamu. Ukishazaa, mtoto utaniletea." Aliyasema hayo polepole, akinipangusa makombo kidevuni.

Tukaanza. Akaniuliza mnyororo unaachiliwa wapi. Nikamtazama, na jibu la uongo likanijia lenyewe. Nikimwambia hauachiliwi popote, kwamba kompyuta hujisafisha yenyewe, ataamini. Programu itakwenda vizuri mwanzoni, watamsifu, kisha itakuwa ikishiba kidogo kidogo mpaka ilale chini, na jina lililo juu yake litakuwa lake peke yake. Wallahi nilihisi utamu ambao sikuujua kuwa uko moyoni mwangu, na ukanitisha. Nikamwambia kichwa kinaniuma. Akasema tutaendelea leo.

Nikimfundisha haki, nimezikwa. Nikimdanganya, anayeanguka ni baba wa mwanangu, na sijui nitakuwa mtu gani baada ya hapo. Nikimpigia Bwana Mutua, nitafukuzwa na huenda nikanyang'anywa mtoto, na ushahidi wote ulishafutwa. Ndugu zangu mliopitia ndoa, nipeni shauri, nimjibu nini? Amesharudi, namsikia chini akimuuliza mamake kama nimeamka.