Ndoo ya Uzazi

Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita na ndoo moja ya uzazi. Enzi zile za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, madukani kulijaa kila kitu, lakini hospitali ya serikali mjamzito alikwenda na vyake: glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu. Wapangaji tulivinunua kwa kuchanga, tukavifungia kwenye ndoo chini ya kitanda cha mama mwenye nyumba. Ukijifungua, unarudishia ulichotumia.

Jumamosi moja nilimpaka mama yangu piko nywele, maana kesho yake kulikuwa na harusi, na mama kwenda harusini na mvi, bora asile. Mimi nami sikutaka vidole vyeusi. Nikachukua glavu za kwenye ndoo, nikajiambia Jumatatu nitarudishia. Dada mpangaji wa chumba cha uani, ndiye aliyekuwa mjamzito, alikuwa na wiki tatu nzima bado.

Uchungu ukamshika Jumapili mchana, watu wote wako harusini, mimi tu sijaondoka. Nikampeleka mimi, ndoo mkononi, glavu nimezisahau kabisa. Wodini nesi akapekua.

"Glavu ziko wapi?"

Wodi yenyewe haikuwa na hata moja. Nikatoka mbio kutafuta maduka ya dawa. Mawili nikayakuta yamefungwa, la tatu nikapata. Niliporudi, nesi alikuwa amevaa mifuko ya nailoni mikononi, na mtoto amelazwa pembeni, amefunikwa khanga hadi usoni. Alitanguliza miguu, nesi aliniambia, na mifuko ilikuwa inateleza.

Siku ya tatu nilimweleza dada ukweli wote. Akainuka, akaingia chumbani kwake. Tuliishi miezi miwili bila salamu.

Kisha mke wa Mchaga mwenye duka la jumla, hapo mbele, akakaribia kujifungua. Nikampelekea ndoo, glavu jozi nne. Alijifungulia hospitali mpya ya binafsi. Wapangaji tulipokwenda kumpongeza, alinirudishia ndoo haijafunguliwa.

"Asante mdogo wangu, ila hawakuniuliza kitu. Kwani nyie huwa mnaenda na glavu?" Akamfunua mtoto tumwone. "Huyu mtundu, alitanguliza miguu."

Nilipandwa na hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa juu yangu mwenyewe. Dada wa uani alimpakata yule mtoto muda mrefu. Tulipoondoka akashika upande mmoja wa mkono wa ndoo, mimi upande wa pili, tukarudi nyumbani.