Samaki wa Feri na Simu Yenye Moto

Jamani, mimi ni mjinga. Juzi nilisasisha ile programu ya oda za dukani kwetu, ikaniuliza maswali, nikabonyeza "ruhusu" yote bila kusoma. Kuanzia hapo chaji ikawa inakwisha kama maji kwenye pakacha. Leo bosi wangu, Mama Neema, muuza vitenge Kariakoo, akanituma mtaa wa Gerezani kufuata mzigo. Alishanionya: nikimdanganya tena, kazi sina. Nikapitiliza hadi soko la Feri kula samaki.

Simu ikaita, ya moto kama pasi.

"Uko wapi?"

"Gerezani, mama. Mzigo bado. Halafu simu inazima, chaji haikai kabisa!"

"Itakaaje, mwanangu? Tangu juzi ile programu inanionyesha kila unapokanyaga. Maliza samaki wako, kisha niletee funguo za duka."