Kisima cha Wakfu na Maji ya Paa

Bi Mwanamwema alikuwa mtu wa kuchoka, na hilo hakulificha. Ukimwamkia asubuhi alikuwa ameshashika kiuno, na ukimuuliza hali alikujibu nshachoka, mwanangu, ungedhani siku inakwisha kumbe jua hata halijapanda. Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta hapa Nungwi, nasema wazi: wengi wetu tulioelemewa kidogo kuliko yeye tungelala chini zamani.

Kilichomchosha ni kisima. Marehemu mumewe, Mzee Pandu, alikichimba uani kwao katika jiwe tupu, kwa nyundo na mtaimbo, na kilipotoa maji baridi akakiweka wakfu mbele ya jamaa msikitini. Wakfu haurudi. Mjane aliyebaki hakuwa na haki ya kumwambia mtu leo usiteke. Mifereji ya bomba ikikauka, na huku kwetu haioni haya kukauka, watu wote wenye ndoo walijaa uani kwake.

Halafu kisima kikaanza kuingia chumvi. Kwanza tuliisikia kwenye chai, tukalaumu sufuria. Baadaye sabuni ikakataa kutoa povu. Chini ya jiwe letu maji ya mvua yamekaa juu ya maji ya bahari. Ukiyateka kuliko yanavyoingia, bahari inapanda kushika nafasi. Hilo kila mtu Nungwi analijua, na kila mtu anangoja jirani yake ndiye apunguze.

Kukifunga hakuweza. Ikabaki njia moja: kuwapa watu maji mengine, ili kisima kipate kupumua. Akatazama bati la nyumba yake. Mvua zote zilizolipiga zilikuwa zikimwagika uani, zikikokota udongo mpaka pwani, bila ya faida kwa mtu. Akamwita fundi Machano amfungie mlizamu ukingoni mwa paa, maji yaangukie kwenye birika kubwa la saruji. Tulimcheka. Tulisema bibi anajijengea bwawa la kuogelea kama la hotelini. Nguvu za kubishana nasi angezitoa wapi.

Masika yalipofika, mvua ya mwanzo aliiacha ioshe vumbi na kinyesi cha kunguru, iliyofuata akaikinga. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi: kupanda ngazi kutoa majani kwenye mlizamu, kulifunika birika mbu wasizaliane, kulisugua kabla ya vuli. Maji yaliyozidi aliyaelekeza kwenye shimo la mawe, yazame ardhini karibu na kisima. Kila aliyekuja na ndoo alioneshwa birika. Kisima hakukatazwa, ila maji ya birika yalikuwa matamu zaidi, na sisi si wajinga. Magoti yakamvimba. Nilimwonea huruma, na wenzangu niliwaonea hasira, maana waliteka wakaenda zao na hakuna aliyegusa ufagio. Mwisho nikaanza kupanda ngazi mwenyewe.

Misimu ikapita. Siku moja akanipa kata ya maji ya kisima. Nikanywa. Ile chumvi, mpaka uitafute ndipo uisikie. Bi Mwanamwema akakaa kizingitini akalia, kilio kidogo cha mtu aliyechoka, na mimi nikamwacha alie.

Raha yetu haikukaa. Kiangazi kilipoingia akaja Hamad, mwenye nyumba ya wageni upande wa pwani, kashika pampu na mpira mrefu begani. Akaamkia kwa adabu zote. Akaeleza kuwa kisima chake kimeharibika kwa chumvi, wageni wanalalamika, na hiki ni wakfu, hakuna wa kumzuia. Hapo alisema kweli. Na pampu ingemaliza kwa muda mfupi kile kilichomvimbisha bibi wa watu magoti.

Bi Mwanamwema aliutazama ule mpira.

"Hamad, siku marehemu alipoweka wakfu, msikitini ulikuwepo?"

"N'likuwepo, Bi Mwanamwema."

"Kasemaje?"

Hamad akafikiri. "Kasema kisima hichi wakfu kwa kila mwenye kuteka."

"Basi kuteka ni kwa ndoo. Hiyo yako kuvuta. Wenye kuvuta hakuwataja. Na paa unalo, tena kubwa kuliko langu."

Hamad akacheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa, akautua mpira chini. Akauliza, sasa nyumba nzima ya wageni ataitekea kwa ndoo mpaka lini.

"Mpaka uchoke," Bi Mwanamwema alisema. "Ukichoka wewe, ndipo nacho kinapopumzika."